Maumivu Chini ya Kitovu

Mazungumzo ya leo ni ya jambo ambalo kwa desturi zetu husemwa kwa sauti ya chini, baina ya mwanamke na mwanamke mwenziwe, mlango ukiwa umerudishwa. Na kwa kuwa redio haina mlango, nimepima kila neno kabla ya kulileta hapa, ili baba na binti yake wakiwa wameketi pamoja asilazimike mmoja wao kuinuka. Ila nina ombi kwa wanaume: msihamishe masafa kwa kudhani ya kwamba haya ni ya akina mama peke yao, kwani sehemu kubwa ya maneno niliyoyaandaa ni yenu.

Maradhi yenyewe madaktari wetu huyaandika kwa herufi tatu, PID, na wagonjwa nao wamezoea kuyataja vivyo hivyo watokapo hospitalini na kadi mkononi. Ni maradhi ya viungo vya uzazi vilivyositirika ndani ya nyonga ya mwanamke: mji wa mimba, mirija miwili inayotoka kwenye mji kuyaendea mafuko ya mayai, mafuko yenyewe, na pengine ule utando unaoyafunika matumbo yote. Viungo hivyo huingiwa na vijidudu, vikavimba, vikafanya usaha. Mji wa mimba una shingo, na shingo hiyo huzibwa na ute mzito ambao kwa siku nyingi za mwezi huvizuia vijidudu vya nje visipande. Lakini katika siku za hedhi, ute unapokuwa umeondoka na damu inashuka, kizuizi hicho hulegea, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huanza kuumwa katika siku zile zile, au mara tu baada ya kutoharika.

Vikishapanda, mahali vinapofanya uharibifu mkubwa zaidi ni katika mirija. Mrija mmoja una urefu wa sentimita 10 hadi 12, na penye wembamba wake tundu lake halizidi unene wa uzi. Ndani umetandikwa vijinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea daima ili kulisukuma yai liuelekee mji. Gabriele Falloppio, mwalimu wa tiba katika mji wa Padua, Italia, aliueleza mrija huu katika kitabu chake cha mwaka 1561, na mpaka leo katika vitabu vya tiba unaitwa kwa jina lake, ingawa yeye hakuweza kujua ya kuwa mwanzo wa karibu kila mwanadamu ni humo. Usaha ukiingia katika njia nyembamba namna hii, hata dawa ikauondoa, huacha makovu: vijinywele hukatika, kuta hugandana, na ile ncha ya mrija iliyo kama ua lililochanua, ambayo kazi yake ni kulidaka yai, hujikunja na kufunga. Mwanamke hupona maumivu, akarudi katika shughuli zake, akasahau. Na makovu hubaki pale pale yakimngoja siku atakapotaka mtoto.

Sasa vijidudu hivyo hutoka wapi? Aghalabu huja kwa njia ya jimai, na mashuhuri miongoni mwavyo ni viwili, kile cha kisonono na kile cha klamidia, na hiki cha pili kimezidi kwa hila kwa kuwa wanawake wengi wanaokibeba hawaoni dalili yoyote. Katika wale wasiotibiwa klamidia, inakadiriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 hufikiwa na maradhi haya ya ndani. Kipo na cha tatu, maikoplazima, kijidudu kidogo mno ambacho uchunguzi uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuwa miongoni mwa zile za mwanzo duniani kukihusisha na uvimbe wa mji wa mimba. Lakini si kila PID ni ya zinaa, na neno hili naliweka wazi mapema ili asitokee mume jioni ya leo akamgeuzia mkewe uso wa tuhuma: wapo wagonjwa wasio na kisonono wala klamidia, ambao wameingiwa na bakteria wa kawaida wa ukeni au wa matumbo waliopanda mahali pasipo pao, wapo walioanza kuumwa baada ya kujifungua, hususan palipokuwa na uchungu wa muda mrefu au vyombo visivyo safi, wapo walioanza baada ya mimba kutoka, na wapo ambao mimba ilitolewa kichochoroni kwa mkono usiojua wala usionawa. Hao wa mwisho huogopa kwenda hospitali wakihofia kuhojiwa na kushtakiwa, nao wakae wakijua ya kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na mtu mwenye homa kali na usaha katika mji wa mimba yumo katika dharura bila ya shaka.

Koili ya kupanga uzazi nayo imesingiziwa mengi. Ni kweli kwamba katika wiki 3 za kwanza baada ya kutiwa, hatari huzidi kidogo, kwa kuwa kifaa kikipita kwenye shingo ya mji chaweza kuvichukua vijidudu vilivyokuwapo tayari. Baada ya hapo hatari hushuka ikawa sawasawa na ya wanawake wengine, au karibu yake. Kwa hiyo koili iliyokaa miaka 4 bila ya matata haistahiki lawama ya maumivu yaliyoanza juzi, na daktari aghalabu hutibu bila ya kuitoa.

Na kuna jambo jingine ambalo wanawake wetu wa pwani hulifanya kwa nia njema kabisa ya usafi, nalo ni kujiosha ndani kwa vidole na sabuni, wengine kwa maji ya chumvi, ndimu au shabu, wakiamini kwamba ndivyo twahara inavyotimia. Mwaka 1993, katika zahanati ya manispaa pale Ganjoni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani, walianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya mwili hapa Mombasa, wakiwapima mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi. Na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006 ilidhihirika kwamba waliojiosha ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata virusi vya UKIMWI kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni waliwapita waliotumia maji matupu. Uchunguzi ule ulihusu UKIMWI, haukuwa wa PID. Hata hivyo sababu inayotajwa yatuhusu, kwamba uke una bakteria wake wa heri wanaoulinda, na wakishafukuzwa kwa sabuni nafasi yao hushikwa na waovu. Fikihi, kwa kadiri tulivyosomeshwa, humtaka mwanamke katika josho la janaba na la hedhi aoshe kinachodhihiri tu, wala haimdai kuingiza chochote ndani. Ajabu ni kwamba tumeongeza sharti ambalo dini haikuliweka, kisha tukaliita dini.

Nizigeukie dalili. Iliyo kubwa ni maumivu chini ya kitovu, mara nyingi pande zote mbili, ya kuvuta au ya kuchoma, yanayozidi mwanamke akitembea kwa haraka, akipanda matatu inayorushwa na mashimo ya barabara, au akikutana na mumewe. Pamoja nayo huja uchafu wa ukeni uliobadilika rangi ukawa wa manjano au wa kijani, wenye harufu. Damu inayotoka kati ya hedhi na hedhi, au baada ya tendo la ndoa. Mkojo wenye kuchoma. Na maradhi yakipamba moto, homa, kutetemeka, kichefuchefu na kutapika. Wachache huumwa chini ya mbavu za kulia, kwa kuwa usaha umepanda hadi kwenye utando wa ini, na hao huhangaishwa kwa vipimo vya nyongo na mapafu kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za hedhi.

Lau dalili hizi zingekuwa zinakuja zote pamoja, kwa kishindo, kazi ya tabibu ingekuwa nyepesi. Matata ni kwamba mara nyingi huja moja tu, tena hafifu: uzito fulani kiunoni, maumivu ya hedhi yaliyozidi kidogo kuliko ya mwezi uliopita, uchovu. Na kwa kuwa hazina sura maalumu, kila mtu huzipa jina lililo karibu naye. Homa huitwa malaria. Tumbo huitwa taifodi. Mkojo ukichoma husemwa ni UTI. Na bibi mkubwa wa nyumba, ambaye kwake kila tumbo la mwanamke lina asili moja, huamua kuwa ni chango, akachemsha mizizi, akaweka mafusho, akamkalisha mgonjwa juu yake amejifunika kanga mbili. Siidharau mizizi ya wazee wetu, ambayo baadhi yake inatuliza maumivu kwa yakini, na huko kutuliza ndiko kunakonitia hofu: mgonjwa hulala usingizi, siku ya tatu huamka ana nafuu, ilhali vijidudu vimo ndani ya mirija vikiendelea na kazi yao. Duka la dawa la pembeni halina heri zaidi, kwani huko hupewa vidonge vinne au vitano vya antibiotiki vilivyofungwa kwenye kikaratasi, kwa kadiri ya pesa alizo nazo, dozi isiyotosha kuua na inayotosha kuvifundisha vijidudu ukaidi. Kisonono tayari kimeshajifunza: penisilini iliyokiponya zamani haikiwezi tena, na vidonge vya siprofloksasini vilivyoifuata vimeshindwa vilevile katika sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwamo.

Kuchelewa huku kuna hesabu yake, na naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa hesabu hii ndiyo iliyonifanya nikaomba nafasi ya leo. Katika mji wa Lund, Uswidi, tangu mwaka 1960 hadi 1984, daktari Lars Weström na wenzake waliwatazama kwa darubini ya tumboni wanawake walioshukiwa kuwa na maradhi haya, wakayathibitisha kwa macho, kisha wakawafuatilia miaka kwa miaka. Walioyapata mara moja, asilimia 8 walizibwa mirija wasipate mimba. Walioyapata mara mbili, karibu asilimia 20. Walioyapata mara tatu, asilimia 40. Kila safari maradhi yanaporudi, hatari hujizidisha maradufu au zaidi. Na hao walikuwa wagonjwa waliotibiwa, katika nchi yenye hospitali kila pembe. Kisha mwaka 1993, katika uchambuzi wa habari za wanawake hao hao, ikaonekana kwamba wale waliokawia siku 3 au zaidi tangu dalili zilipoanza mpaka kumfikia daktari walikuwa na hatari karibu mara 3 ya kukosa uzazi, au ya mimba kukaa nje ya mji, kuliko waliowahi. Nasema siku 3. Sisi hapa bara ya Mombasa, baina ya mizizi, mafusho, kikaratasi cha vidonge, kungoja mume arudi safari, na kungoja Jumatatu kwa kuwa Jumamosi kuna harusi, huhesabu kwa miezi.

Sasa, mabwana, zamu yenu imefika. Mwaka 1872 tabibu mmoja Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi New York, jina lake Emil Noeggerath, alichapisha risala akidai kwamba wake wengi waliokuwa wakimjia na matumbo yasiyopona, na ambao hawapati watoto, walikuwa wameambukizwa na waume zao wenyewe, waume ambao waliwahi kuugua kisonono, pengine kabla ya ndoa, wakatibiwa, wakaona wamepona, wakaoa. Matabibu wenzake walimcheka na kumpinga, kwa kuwa wakati ule kisonono cha mwanamume kilihesabiwa jambo dogo la ujana, na isitoshe, ni nani angekubali kusikia kwamba bwana mwenye heshima zake ndiye aliyemfunga mkewe uzazi? Miaka 7 baadaye, mwaka 1879, Albert Neisser, akiwa Breslau, alikiona kijidudu cha kisonono kwa darubini, na polepole waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Kisa hicho ni cha mbali, na cha hapa petu hakitofautiani nacho. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wa makampuni ya malori hapa Mombasa walipimwa na watafiti, na wengi wa wale waliokutwa na maambukizo katika njia ya mkojo hawakuwa na habari nayo: hawakuhisi kuchomwa, hawakuona usaha, na lau wasingalipimwa wangaliapa kwa yakini kwamba wao ni wazima. Wala nisifahamike kwamba nawanyooshea kidole madereva wanaopumzisha malori yao Changamwe na Miritini kabla ya kuishika njia ya Nairobi na Kampala. Kijidudu hakimuulizi mtu kazi yake, na karani wa bandarini, mvuvi wa Mtongwe, na mhudumu wa hoteli za Bamburi wote wana mwili wa namna moja. Ninachosema ni kwamba kwa mwanamume, kutokuwa na dalili si ushahidi wa afya. Mwanamume aweza kuwa na klamidia miezi mingi, akasali, akafanya kazi, akala vizuri, na kila anaporudi nyumbani akawa anaupeleka mzigo ule ule kwa mtu ambaye viungo vyake, kwa jinsi alivyoumbwa, vitauhifadhi ndani.

Basi tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanamke huenda zahanati peke yake, kwa kuwa tumbo ni lake. Hupewa dawa, akazimeza kwa uaminifu, akapona. Usiku wa pili au wa tatu hukutana na mumewe ambaye hakutibiwa, na wiki chache baadaye tumbo limerudi. Akirudi mara ya pili muuguzi humtazama kwa jicho la shaka, na mara ya tatu majirani huanza kuhesabu. Hapo ndipo zile asilimia za Lund zinapomfikia, 8, 20, 40, bila ya yeye kutenda lolote jipya. Miaka ikipita bila ya mtoto, jina la tasa hubandikwa yeye. Mama mkwe huanza kuuliza kwa mafumbo. Na mume, ambaye hakuna aliyemwambia apimwe, hutafuta mke wa pili ili apate dhuria, akamwingiza binti wa watu katika nyumba yenye maradhi yale yale, na baada ya mwaka yule mdogo naye anashika tumbo. Naona katika jambo hili dhulma iliyofichika kiasi kwamba hata mdhulumiwa haijui, na wala simlaumu mume peke yake, kwani naye hakufundishwa. Bwana harusi hakai na somo wiki nzima akifundishwa mambo ya mwili wake. Bibi harusi hukaa, na hata huko husomeshwa namna ya kumpendeza mume, kujifukiza udi na kukoga singo, ilhali dalili za maradhi haya, ambazo zingesemwa kwa dakika 10, hazimo katika mafunzo. Nawaomba masomo na makungwi wanaonisikiliza wazitie.

Matibabu, wasikilizaji, si magumu. Hospitali ya Likoni na ile ya Port Reitz kule Changamwe, pamoja na vituo vya afya na zahanati za Kisauni, hazihitaji mashine kubwa ili kuanza. Utaratibu unaofuatwa nchini, kama ulivyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ni kutibu kwa dalili bila ya kungoja majibu ya maabara yatakayochukua siku: mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu, ambaye mhudumu akimpima kwa mkono anaona mji wa mimba una maumivu, huanza dawa siku hiyo hiyo. Kwanza lakini hupimwa mimba, na asione vibaya kupimwa hata akiwa na yakini kuwa hana, maana ipo mimba inayotunga nje ya mji, ndani ya mrija ule wenye makovu, nayo huanza kwa maumivu kama haya. Kadhalika huchunguzwa asije akawa ana uvimbe wa kidole tumbo. Dawa zenyewe aghalabu ni sindano moja ya seftriaksoni, na vidonge vya doksisaiklini pamoja na vya metronidazoli kwa siku 14, ambavyo vyote vimezwe hata kama maumivu yamekwisha siku ya nne. Baada ya siku 3 mgonjwa arudi aangaliwe. Asipokuwa na nafuu, au akiwa mjamzito, au anatapika dawa, au ana homa kali, huyo ni wa kulazwa. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wawahi zaidi ya wengine, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba jipu la mrija na fuko la mayai huwapata wao kwa wingi zaidi.

Kuhusu hiyo mimba ya nje ya mji niongeze neno, kwa ajili ya watu wa Likoni hasa. Mwanamke aliyepitisha siku zake, kisha akashikwa na maumivu makali upande mmoja, akaona kizunguzungu au akazimia, na pengine akahisi maumivu yasiyoelezeka kwenye ncha ya bega, huyo anavuja damu ndani ya tumbo. Hapo pasiwe na mjadala wa mizizi, wala wa nani ana nauli; atafutiwe gari saa ile ile, iwe ni usiku wa manane, na feri ikiwa imekwama ng'ambo ya pili aanziwe maji ya mshipa katika hospitali iliyo karibu huku usafiri wa kwenda Makadara, kwenye Hospitali Kuu ya Pwani, ukipangwa.

Wapo wanaonisikiliza ambao kwao mazungumzo haya yamechelewa, mirija imekwisha kufunga. Hao wajue ya kwamba elimu haikusimama. Lesley Brown, mwanamke wa Uingereza ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, ndiye aliyemzaa Louise mwezi Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa mimba nje ya mwili wa mama kisha akarudishwa katika mji; na Nairobi watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2006. Kwa Waislamu wenye wasiwasi, huko Misri ilitolewa fatwa mwaka 1980 ikiruhusu, maadamu mbegu ni ya mume na yai ni la mke, na ndoa yao ipo. Gharama yake ni kubwa, inayozidi uwezo wa wengi wetu wa bara, na mimi nisingependa kumpa mtu tumaini la bei asiyoweza kuilipa. Hata hivyo kabla ya kukata tamaa, wote wawili wapimwe, mume kwanza kwa kuwa kipimo chake ni rahisi na hakina maumivu.

Nimalizie kwa kumwelekeza yule bwana ambaye leo usiku mkewe atamwambia, kwa haya au kwa hasira, kwamba ametibiwa na kwamba ameambiwa amwite naye. Usimuulize maradhi ameyatoa wapi. Kesho asubuhi nenda kituo hicho hicho, au kingine ukiona haya kwa majirani, mradi uende. Huna haja ya kueleza habari zako mbele ya foleni, mwambie mhudumu wa kwanza kwamba mke wako ametibiwa PID nawe umekuja kutibiwa, inatosha, ataelewa, na atakuingiza chumbani. Utapewa dawa hata kama huna dalili, kwa kuwa kila aliyekutana na mgonjwa katika siku 60 zilizopita anastahiki kutibiwa. Na kama una mke zaidi ya mmoja, au yupo mwingine usiyependa kumtaja, mtaje humo chumbani, kwani siri ya mgonjwa ni amana kwa aliyekutibu. Kisha mtengane kitanda mpaka dozi zenu zote mbili zimekwisha na maumivu ya mkeo yametoweka. Na sindano utakayodungwa, kama ilivyo desturi ya sindano hiyo, itauma hadi jioni.